Takwimu za Afya ni Mali ya Umma



Vyama vingi vilirejeshwa mwaka 1991 ili mtawaliwa apate kumhoji mtawala. Basi na tuhoji. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii hubisha hodi milangoni mwetu wakiwa na simu za Serikali: nani mjamzito, nani hana choo, mtoto yupi hajachanjwa? Tumejibu kwa moyo mweupe. Ni baraza gani limewahi kusomewa majibu hayo?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 Kajiado. Lakini Kajiado ni mbili: Kitengela yenye msongamano, na malishoni, ambako zahanati iko mbali. Hesabu moja ya kaunti nzima huficha dhiki za pande zote.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya 2016 inamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Tunadai takwimu za kila wadi, bila jina la mgonjwa yeyote, zibandikwe kwenye zahanati na kusomwa barazani na makanisani.

Andikeni barua leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.