Ufundi wa Nyumbani: Mnyororo wa Pikipiki Uwe na Nafasi Yake

Katika njia zetu za Kivu pikipiki ndiyo impelekayo mgonjwa hospitalini, mwalimu shuleni na mihogo sokoni. Basi yafaa mwenye kuiendesha ajue kuutunza mnyororo, kwa maana nguvu yote ya mashine hupita humo ili kufika kwenye gurudumu la nyuma.

Wengi hudhani kwamba mnyororo uliokazwa sana ndio mzuri. Sivyo. Gurudumu hupanda na kushuka kila lipitapo shimoni. Watu wawili wakiketi, mnyororo huzidi kuvutika. Usipokuwa na nafasi, beringi za mashine huharibika, au wenyewe hukatika. Nao uliolegea mno huruka meno, hutoka, na huweza kulifunga gurudumu katika mwendo. Hapo aliyepakiwa huanguka pamoja na dereva.

Kwanza, zima mashine na uitoe katika gia. Usimamishe pikipiki kama kitabu chake kinavyoagiza. Sukuma mnyororo juu na chini kwa kidole, katikati ya upande wa chini. Pikipiki ndogo nyingi hutaka mchezo wa milimita 20 hadi 30, lakini kipimo cha kweli ni kile cha kitabu. Zungusha gurudumu kidogo kidogo kwa mkono, ukipima tena na tena. Kamwe usifanye hivyo mashine ikiwaka: vidole vitakatwa. Mnyororo hauchakai sawasawa. Fuata kipimo cha mahali panapokaza kuliko pengine.

Kisha legeza nati ya ekseli, uzungushe skrubu za kurekebishia za pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Alama za kuume na za kushoto zilingane, la sivyo gurudumu litakaa mshazari na meno yataliwa upesi. Kaza nati barabara, upime mara nyingine, maana kule kukaza kwaweza kubadili kipimo. Mwishowe jaribu breki ya nyuma. Ikiwa huvutwa kwa fimbo, kusogeza gurudumu kumebadili mchezo wake, nayo lazima irekebishwe.

Wako wanaokata kiungo kimoja ili kuepuka bei ya mnyororo mpya. Huo si werevu. Mnyororo uliorefuka kwa kuchakaa haulingani tena na meno, hata ukifupishwa. Kamba hukatika pabovu. Alama zikifika mwisho, au meno yakichongoka, nunua mnyororo pamoja na magurudumu yake mawili ya meno, kwa kuwa meno mabovu huuharibu mnyororo mpya.

Kazi hii yote haizidi nusu saa. Anayembeba mtoto wa mwenziwe nyuma yake apime kabla ya kuondoka, asingoje kuanguka.