Leo umemlilia nani?

  Mimi huku Bagamoyo nipo, upepo wa bahari unapiga na maisha yanasonga.

Mwezi huu tuongee jambo lililoletwa na dada mmoja, jina lake nalihifadhi. Ni mwigizaji wa jukwaani, ana mimba ya miezi sita, na kila anayekutana naye ana la kumwambia. Mmoja kamwambia akishajifungua ndio basi tena, mwili utalegea na akili itabaki nyumbani. Mwingine kamwambia asihofu, mtoto atamfanya mwigizaji bora maana sasa atakuwa na machozi ya kweli. "Dada," kaniuliza, "nimwamini nani?"

Mdogo wangu, usimwamini hata mmoja. Nakwambia hivi kwa sababu yote mawili yalinikuta, na lile la pili ndilo lililoniumiza zaidi.

Mimi nilisoma sanaa za maonyesho hapa hapa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kile kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kikundi chetu tulikuwa tunacheza Kinjeketile, ile tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wengi wenu mliisoma shuleni. Kuicheza Bagamoyo kuna uzito wake, maana mji huu wenyewe ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891.

Mimi nilikuwa mke wa Kitunda. Mnakumbuka, mwanzoni kabisa wanawake wanazungumza shida ya chakula, wanaume wamechukuliwa kwa nguvu kwenda kulima pamba ya Mjerumani. Kabla sijazaa nilikuwa nalicheza onyesho lile bila wasiwasi wowote. Nilishika tumbo, nikakunja uso, nikavuta sauti. Kwa kweli, nikikumbuka sasa nacheka. Nilikuwa naicheza njaa kama mtu aliyecheleweshewa chakula cha mchana.

Kisha nikazaa binti. Mama mkwe akaja kutoka Kaole na mkoba wake, akaniambia nisahau habari za jukwaa mpaka atakaponiruhusu. Si mnajua sisi watu wa pwani, mzazi kaburi lake liko wazi siku arobaini. Nikakandwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, nikafungwa tumbo. Mtoto alipotimiza miezi mitano nikarudi mazoezini.

Hapo yule wa kwanza alikuwa na haki kidogo. Pumzi ilikuwa fupi. Sentensi niliyokuwa naimaliza kwa pumzi moja sasa ilinidai mbili. Usingizi wa vipande vipande ulinifanya nisahau maneno ninayoyajua kama jina langu. Na kuna siku tulicheza kijijini, hadhira imekaa chini ya mwembe, akina mama wamepakata watoto. Kichanga kimoja kikalia. Jamani! Maziwa hayajui kama uko kazini. Mwili ukisikia kilio cha mtoto, hata kama si wako, maziwa yanaweza kushuka yenyewe. Kaniki yangu ililowa mbele ya watu wote, na mimi ndiyo kwanza nipo katikati ya maneno ya mke wa Kitunda. Wanaume walidhani ni jasho. Akina mama walijua, na mmoja akacheka kwa upole, akaninyooshea khanga yake. Niliipokea nikajifunga nayo kifuani, nikaendelea. Mwongozaji alisema lile ndilo lilikuwa jambo la kweli kuliko yote niliyofanya siku ile.

Kwa hiyo mwili unarudi, dada yangu. Unarudi polepole, kwa mazoezi ya pumzi na kwa chakula, na kwa mwongozaji ambaye hakuhesabii miezi. Hilo lisikutie hofu.

Lililonitia hofu mimi lilikuja mtoto alipokuwa na miezi kumi. Usiku mmoja alishikwa na homa, ikapanda, akaanza kukakamaa. Degedege. Baba yake alikimbia nje kutafuta bodaboda, tukapakizana watatu, mimi katikati nimembana mwanangu kifuani na macho yake yamegeuka meupe. Njia ile ni fupi lakini usiku ule haikuisha. Nilitoa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Tukafika, akatibiwa malaria, baada ya siku chache akawa anatambaa na kuvuta kamba za viatu kama kawaida. Alhamdulillah.

Wiki iliyofuata tulikuwa na onyesho. Nikiwa nimesimama pembeni nasubiri kuingia, nikafumba macho nikamwona mwanangu vile alivyokuwa kwenye bodaboda. Nikaingia nayo picha ile. Machozi yalinitoka yenyewe, na ile sauti ikatoka. Watu walinyamaza kimya, wengine wakalia, na mwisho walipiga makofi wamesimama. Wenzangu wakanikumbatia. Wakasema, "Kweli mtoto kakufungulia mlango."

Baba mtoto alikuwepo. Tulirudi nyumbani kwa miguu na hakusema kitu mpaka tulipofika mlangoni. Ndipo akaniuliza, "Mama mtoto, leo umemlilia nani?"

"Mke wa Kitunda alikuwa anawalilia watu wake," nikamjibu.

"Hapana. Sauti ile naijua. Niliisikia kwenye bodaboda."

Akaingia ndani. Hakugomba, hakununa. Lakini nilipomchukua mtoto kumnyonyesha nilishindwa kumwangalia usoni. Nilijiona kama mtu aliyechukua kitu cha mwenziwe bila kuomba.

Mnaweza kusema nilikuwa najionea haya bure, kwani si ndiyo kazi yenyewe? Na kweli, jambo hili ni la zamani sana. Mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, Aulus Gellius, amesimulia habari za mwigizaji wa Kigiriki aliyeitwa Polus. Alikuwa anacheza Electra wa Sophocles, yule dada anayebeba mtungi akidhani una mabaki ya kaka yake. Polus alikuwa amefiwa na mwanawe. Basi akaenda kuchukua mtungi wenye mabaki ya mwanawe wa kweli, akauingiza jukwaani, akaulilia. Watu wanamsifu mpaka leo.

Lakini Polus alikuwa ameshazika. Wangu alikuwa hai, yupo nyumbani ananisubiri. Na kuna jambo jingine ambalo wanaosifu machozi ya kweli hawalisemi: onyesho linarudiwa. Usiku wa pili niliita picha ile ile, ikaja imefifia. Nikajikamua nikatoa machozi mawili. Usiku wa tatu haikuja kabisa. Nikiwa nimesimama pale pembeni na zamu yangu inakaribia, nikafanya jambo ambalo nalisema hapa kwa mara ya kwanza. Nikawaza kwamba hatukuwahi. Nikawaza bodaboda imefika na mtoto amekwishakata roho. Nilimuua mwanangu kichwani ili nipate machozi ya kuingia nayo jukwaani.

Niliingia, nikafungua mdomo, maneno yakanipotea. Mwenzangu aliyecheza mke wa Kinjeketile akaniokoa kwa kuuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu. Sijui tulimalizaje. Usiku ule nilimwambia mume wangu naacha kazi.

Aliyenirudisha ni mama mkwe. Hajawahi kukanyaga darasa la sanaa. Kazaa saba, kazika wawili. Asubuhi alinikuta uani nimekaa na mtoto, nikamweleza yote, hata lile la usiku wa tatu. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza tu, "Kwani huyo mwanamke unayemcheza ana nini?"

"Ana njaa, mama. Nyumbani hakuna chakula."

"Na analia?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watoto?"

Nikakosa la kujibu. Akaniambia habari ya njaa ya mwaka 1974, wakati wa unga wa yanga. Alikuwa na watoto watatu wadogo. "Mwanangu, mimi sikulia," akasema. "Watoto wakikuona unalia wanajua kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nawasha moto. Halafu naosha sufuria. Naiosha, naikausha, naiosha tena, sufuria ambayo haikupikiwa. Wanasikia sufuria inagonga, wanasema mama anapika. Mpaka usingizi unawachukua."

Nilikaa pale uani muda mrefu. Nikakumbuka usiku wa degedege. Ni kweli nilipiga ile sauti, lakini ilikuwa mara moja tu. Njia yote iliyobaki nilikuwa namwambia mwanangu sikioni, "Tunafika, mama, tunafika," kwa sauti tulivu kabisa, huku moyo umeshaniruka. Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila siku tangu azaliwe. Akianguka nacheka ili asiogope. Umeme ukikatika naimba. Tukigombana na baba yake nafuta uso kabla sijaingia chumbani. Mzazi anaigiza kutwa nzima mbele ya mtazamaji mmoja asiyedanganyika kirahisi. Kumbe mtoto hakunipa machozi ya kupeleka jukwaani. Alinifundisha kuyaficha, na kufanya kitu kwa mikono wakati yamefichwa.

Nilimwomba mwongozaji chungu. Onyesho lililofuata mke wa Kitunda hakushika tumbo wala hakulia. Alizungumza habari za chakula huku anaosha chungu kitupu, anakikausha, anakiosha tena. Maneno yalikuwa yale yale ya mwandishi, sikuongeza hata moja. Safari hii hakuna aliyepiga makofi pale. Nilisikia tu mama mmoja mtu mzima, mstari wa mbele, anaguna, "Mmh." Mguno ule nilikwenda nao nyumbani. Na mimi sikumchukua mwanangu kwenda naye jukwaani. Nilichukua kazi ya mikono ya bibi yake, kwa ruhusa yake.

Usiku huo nilibaki pembeni kusikiliza mwisho wa mchezo, ambao nilikuwa nimeusikia mara nyingi. Kinjeketile amefungwa, anaombwa aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo, apone. Anakataa. Zamani niliona ni ubishi wa shujaa tu. Safari hii nilisikia sababu yake: anawafikiria watoto ambao hawajazaliwa, na wataambiwa nini kuhusu baba zao. Maneno hayo yalikuwemo tangu 1969. Mimi ndiye nilikuwa bado sijafika.

Basi mdogo wangu, ushauri wangu ni huu. Ukijifungua, pumzika bila haraka, jukwaa halihami. Mweleze mwongozaji wako mapema saa za kunyonyesha, na awepo mtu unayemwamini wa kumshika mtoto wakati wa mazoezi. Hofu zako za usiku ziache nyumbani, hizo ni zako na za mwanao. Ukitaka cha kupeleka jukwaani, jitazame mikono yako inafanya nini wakati unaogopa na hutaki mtoto ajue.

Na nyie kina baba ambao wake zenu wanacheza, nendeni mkawatazame. Msiende kwa wivu wala kwa ulinzi. Nendeni ili siku moja muweze kuuliza swali kama lile niliulizwa mimi mlangoni, kwa upole na mara moja tu.

Binti yangu sasa anakimbia. Juzi alianguka uani, akasimama, kabla hajalia akanitazama kwanza usoni. Nikatabasamu. Naye akatabasamu, akaendelea na mchezo wake, goti linavuja damu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.