Tairi Kuukuu Lirudi Dukani

Mwaka jana nikiwa field kwenye shule moja ya sekondari Dar es Salaam, nilipewa Biolojia kidato cha pili. Nyuma ya darasa letu kulikuwa na duka la matairi. Kila mteja akifungiwa jipya, la zamani linarushwa kwenye rundo ukutani. Masika yakaja, matairi yakajaa maji. Wiki moja nikawa na madawati sita matupu, na wanafunzi wawili vipimo vilionyesha dengue. Siwezi kuapa kwamba mbu walitoka pale, lakini viluwiluwi vya kufundishia somo la wadudu nilivichota humo humo kwa kopo.

Mbu wa dengue, Aedes, anauma mchana. Chandarua tunachokihubiri hakimsaidii mtoto aliyekaa darasani saa nne asubuhi. Halafu mayai yake yanaganda ndani ya tairi na kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Tairi lenyewe liondoke.

Nilimfuata mwenye duka, nikamwamkia. Akanijibu bila hasira: "Mwalimu, mimi nauza mapya. Hayo ni ya wateja." Mteja naye ukimuuliza, anasema aliliacha dukani. Yaani halina mwenyewe.

Wenzangu wa klabu ya mazingira wanataka tuyapake rangi tupandie maua. Sawa, ila tutapaka mangapi? (Na mengine kwenye bustani hizo yanatuama maji vile vile.) Mafundi katambuga wanachukua, wakata mipira ya kufungia mizigo pia, lakini wanachagua. Mengi yanayobaki yanachomwa usiku ili watu wapate waya wa kuuza, na moshi wake tuliopanga nje ya chuo tunaujua.

Soda ya chupa ilishatufundisha. Ukitaka kuondoka na chupa, unaacha hela. Ukiirudisha, unapewa hela yako. Tairi nalo liwe hivyo, na sheria imlazimishe muuzaji kupokea la zamani, kulitunza chini ya paa na kulikabidhi kwa wanaosaga mpira. Jimbo la New York, Marekani, lina sheria ya namna hiyo tangu 2003: muuzaji anapokea matairi ya zamani kwa idadi anayouza, na kila jipya linatozwa dola 2.50, senti 25 zikibaki kwake.

Bodaboda watasema bei inapanda. Kwa mtindo wa chupa, hela yao inarudi. Atakayelalamika hasa ni muuzaji, na huyo ndiye mwenye stoo, na lori linalomletea mapya mara nyingi linarudi tupu. Hata mifuko ya plastiki tuliambiwa haiwezekani. Juni 2019 ikapigwa marufuku, tukazoea.

Mwaka huu nimeomba shule ile ile. Barua kwa bwana afya wa kata nimeshaiandika. Anayetaka kuweka saini anikute kantini Ijumaa, baada ya kipindi cha saa nane.