Meli ya Doria Inamlinda Nani?

Likizo iliyopita, nyumbani Nyangwe, nilimsimulia mjomba wangu, mvuvi wa Lualaba, habari za meli ya Kenya iitwayo Doria. Ilijengwa Bangladesh, na Kenya ilipozindua kikosi chake cha walinzi wa pwani mjini Mombasa, Novemba 2018, ndiyo iliyokuwa chombo chao kikubwa. Ilikusudiwa kuzunguka katika eneo la bahari linalofika maili 200 za baharini kutoka pwani, kuzuia meli za kigeni zinazovua bila leseni. “Ni meli ya ulinzi wa uvuvi,” nikamalizia.

Mjomba akauliza: “Mutoto yangu, ile meli inachunga samaki, ao inachunga sisi?”

Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba ameuliza swali la sarufi. Tukisema “ulinzi wa askari”, askari ndiye anayelinda. Tukisema “ulinzi wa mtoto”, mtoto ndiye anayelindwa. Na katika “ulinzi wa uvuvi” mvuvi mwenyewe hatajwi kabisa. Mjomba hakuwa anatania. Kwetu mtoni, mwenye sare akitokea, watu hugeuza mtumbwi kwanza, kwa sababu mara nyingi amekuja kudai pesa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno tu, na kwamba samaki wakilindwa mvuvi atafaidika. Sikubali. Meli inayoweza kufukuza meli kubwa ya kigeni inaweza pia kumkamata mwenye dau asiye na karatasi. Tofauti hiyo lazima isemwe waziwazi, tena kwa lugha anayoielewa mvuvi.

Kenya ilifanya vyema kuipa meli jina la Kiswahili linalotaja kazi yake. Sisi huku labda tungeiita kwa Kifaransa. Lakini jina halitoshi. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendea: kulinda samaki ni jambo moja, kuwalindia wavuvi samaki ni jambo jingine. Irabu moja tu, na mvuvi ameingia katika sentensi.

Sisi tunaosomea lugha ndio tutakaoitwa kesho kutafsiri sheria za bahari, maziwa na mito. Tusitafute istilahi tu. Tuulize pia nani anafanyiwa kazi hiyo. Nikirudi Nyangwe nitamjibu mjomba: inapaswa kuwachungia ninyi samaki.