Nywele 'Nzito' ni Zipi Hasa?

Wauzaji wa dawa za upara hutuahidi nywele "nzito". Kwa kuwa kazi yangu ni kupekua maneno, nauliza: uzito upi? Neno hilo limebeba mambo mawili, unene wa unywele mmoja mmoja na wingi wa nywele kichwani. Mnunuzi hutarajia la pili, ilhali dawa aghalabu humpa la kwanza.

Chukua minoksidili, iliyoanza kama tembe ya shinikizo la damu kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 1988 kuwa dawa ya kupaka kichwani. Katika upara wa kurithi vinyweleo husinyaa, nywele zikawa fupi na nyembamba hata zikabaki malaika tu (lugha yetu, tazama, ina jina hata la hayo!). Dawa hii hurefusha muda wa kukua, na kwa baadhi ya watu malaika hayo hunenepa tena. Lakini pale ambapo misuko ya kubana imeua vinyweleo kwa miaka mingi, haina la kufanya.

Isitoshe, majuma ya mwanzo nywele huweza kunyonyoka zaidi, kwani mpya huzisukuma za zamani. Matokeo huhitaji miezi kadhaa, na anayeacha hupoteza alichopata. Mwanafunzi anayejinyima chakula anunue chupa moja, basi, huenda amenunua kunyonyoka kwenyewe. Kibandiko na kiandikwe kwa Kiswahili wazi: "hunenepesha unywele uliopo", na miezi inayohitajika itajwe.