Wazee wa Isukuti Wapewe Saa Mbili Usiku

Wasee, leo hakuna video. Leo naandika, juu kuna kitu nilifanya na simu na sioni venye naweza kukirekebisha na simu hiyo hiyo.

Desemba iliyopita tulikuwa na tamasha la muziki mtaani. Unajua venye hukuwa: jukwaa la vyuma na mbao, spika za kukodi, hema la waheshimiwa, watoto wamejaa mbele tangu asubuhi. Mimi niliitwa nishuti na kurusha mtandaoni. Kwenye ratiba kulikuwa na kundi la isukuti, wazee saba na mama mmoja, saa tisa mchana. Nawajua hao. Mmoja ni anko yangu, ndugu ya mamangu, anaishi Maringo na ndiye hupiga ngoma kubwa.

Saa tisa ikafika, wakaambiwa wangoje mheshimiwa. Mheshimiwa akakuja saa kumi na moja, akaongea dakika arobaini kuhusu mitaro ya maji taka. Wazee wako tu kando ya jukwaa, wamesimama, wamevaa na kila kitu. Saa kumi na mbili na nusu, giza limeanza kuingia, ndio wakapandishwa. Maiki ni moja, ya muimbishaji, na inakatakata. Ngoma hazina maiki. Dakika ya sita, ndio sasa zinaanza kushikana vizuri, dijei akapandisha biti juu yao. Hata hakungoja mwenye pembe amalize pumzi. Emsii akasema, "Asanteni sana wazee wetu, sasa turudi kwa raha!" Umati ukapiga nduru.

Na mimi nilipiga nduru. Halafu nikaenda nyumbani nikakata sekunde tisa za anko akitingisha mabega, nikatoa sauti, nikaweka wimbo mwingine wa kuchekesha, nikaandika juu yake: "Mzee akisikia stima imerudi." Watazamaji elfu sitini. Hakuna video yangu ilikuwa imefika hapo.

Watoto wake walimwonyesha. Akanipigia. Nilikuwa nishapanga vile nitajitetea, lakini hakukasirika. Aliuliza tu, "Sasa ngoma umepeleka wapi? Huo muziki si wetu." Kisha akaomba nimtumie ile video nzima, yenye sauti yao, juu mzee wa pembe alikuwa anarudi Shinyalu. Miguu imekataa Nairobi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho wapige wote pamoja.

Nikafungua simu. Nilikuwa nimefuta. Nafasi ilikuwa imejaa.

Basi msimamo wangu ni huu, na najua kuna wale watanicheka kwa komenti: tamasha lolote la mtaa hapa Eastlands, wapigaji wa muziki wa asili wapewe saa mbili usiku. Ile saa yenyewe, watu wamefika, spika zimepata moto. Sio saa tisa ya kupasha jukwaa, na sio kuchomekwa katikati ya hotuba mbili.

Na tuachane na hii stori ya "muziki wa ushago". Kama umewahi kuwa City Stadium siku Ingwe wanacheza, unajua ninachosema. (Sai inaitwa Joe Kadenge, tangu 2019, lakini makanga wa Jogoo Road bado wanaita City.) Hizo ngoma unazisikia kabla uone lango. Pale stendi hakuna mtu anaziita utamaduni. Ni kelele ya mechi. Kuna maboyz wa Makadara hawajui neno moja la Kiluhya na wanaitikia kila kitu hadi dakika ya tisini. Lakini chukua hao hao, waweke mbele ya jukwaa, walete wazee wale wale na ngoma zile zile, wataanza kuuliza dijei anaingia saa ngapi. Kwa hivyo shida si sikio. Shida ni sisi wenye kupanga tumewafunza kwamba hii sehemu ya programu ni ya kwenda kununua smoki.

Kitu kingine sikuwa najua. Mwaka 2014 UNESCO iliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sio ile orodha ya kujivunia tu. Ni ile ya kusema mgonjwa yuko hali mbaya. Sababu zilizotajwa ni kama mtu alikuwa mtaani kwetu siku hiyo: wanaojua ni wazee na hawana wa kuwaachia, hakuna pesa ya kutengeneza ngoma na mavazi, watunzi wanahamia muziki wenye pesa, na watu wanapenda burudani ya kisasa. Ngoma zenyewe huenda tatu, kubwa, ya katikati na ndogo, halafu pembe na njuga. Ukitoa moja hubaki na isukuti ndogo, unabaki na kelele. Na sisi tayari tumepoteza pembe.

Mtu ataniambia si shuleni tunafunzwa? Tunafunzwa, eeh. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu 1927. Mimi nikiwa darasa la saba nilicheza isukuti na sketi ya mkonge, tukafika kaunti. Nilikariri wimbo mzima bila kujua ninasema nini. Mwalimu alikuwa anatuhesabia hatua kama askari, moja mbili geuka, juu majaji wanaangalia mstari. Kombe likawekwa ofisini, sketi zikafungiwa stoo, na sijawahi kuulizwa tena kuhusu huo wimbo hadi leo. Tunapewa muziki wetu kama mtihani. Na mtihani ukiisha mtu huchoma vitabu. (Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo kwa hii mada ya kuacha vitabu nina ujuzi.)

Wakati huohuo wengine wanachukua. Black Savage ilikuwa bendi ya Nairobi ya miaka ya 70, na Ayub Ogada alipitia hapo kabla ajulikane dunia nzima na nyatiti yake. Mwaka 2018 kipande cha wimbo wao Kothbiro kikatokea ndani ya "Yikes" ya Kanye West. Hapo ndipo mbogi yetu ilishtuka, ati kumbe hii ni yetu! Ilibidi itoke Marekani ndio tuisikie. Na hawa wasee wa Arbantone, ambao nawapenda, walipanda kwa kuchukua biti za zamani za mabigi wetu na kuzipika upya. Poa sana. Lakini biti ya miaka ishirini iliyopita si ndiyo mwisho wa zamani. Ngoma ya anko iko hapo Maringo, haina hata lebo ya kukushtaki, na hakuna produsa amewahi kubisha.

Baada ya ile simu ya anko nilikosa usingizi, nikaanza kutafuta wengine wanafanyaje hizi tamasha. Nikajikuta New Zealand. Huko kuna mtaa unaitwa Ōtara, kusini mwa Auckland, wamejaa Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki: Samoa, Tonga, Niue. Ni kama sisi, mtaa wa kusemwa vibaya. Kuna bendi ya huko ilijiita Otara Millionaires Club, na utani uko hapo kwa jina. Sasa mwaka 1976 tamasha la Polyfest lilianzia kwa shule moja ya sekondari hapo hapo Ōtara. Leo linachukua siku kadhaa, na kila jamii ina jukwaa lake: jukwaa la Wamaori, jukwaa la Wasamoa, la Watonga. Nimeangalia video hadi saa tisa usiku. Hakuna mtu anapasha jukwaa la mwingine. Vijana wa umri wangu wako mbele, wanaimba kwa lugha yao mishipa imetoka shingoni, na wanaopiga nduru ni wenzao.

Na kuna hii iliniua. Mji mdogo unaitwa Pātea. Mwaka 1982 kiwanda cha nyama kikafungwa, watu wengi wakakosa kazi. Ngoi Pēwhairangi, mama aliyekuwa akifunza Kimaori, akaandika maneno, na Dalvanius Prime akaweka muziki: nyimbo za kimila na biti ya breki ya wakati huo, mashine ya ngoma na kila kitu. Kampuni za rekodi zikakataa. Dalvanius akaanzisha lebo yake mwenyewe. Wimbo unaitwa "Poi E", wa Patea Maori Club, na mwaka 1984 ulikaa namba moja New Zealand wiki nne. Kwa Kimaori, wasee. Hawakuwaambia vijana waache breki warudi kwa mila. Waliweka mila pale breki iko.

Rafiki yangu aliye kwa kamati anasema nikiweka wazee saa mbili, watu wataenda nyumbani. Nikamuuliza walisikia nini hadi sasa? Dakika sita bila maiki. Hata dijei wako mkali, mpe dakika sita na maiki moja inayokatika, tuone kama hatutaenda. Halafu tuongee pesa, juu hapa ndipo watu hunyamaza. Dijei alilipwa kabla apande. Wazee walipewa soda, mkate, na ahadi ya nauli. Nilikuwa nimeketi karibu na aliyeshika daftari. Kwa hivyo ukiniambia "tunaheshimu utamaduni", nionyeshe daftari kwanza.

Ile video ya sekunde tisa nimeitoa. Imebaki kwa simu za watu, hilo siwezi.

Kuna tamasha lingine likizo ya Agosti. Kamati imekubali saa mbili, maiki tatu, na bei moja na dijei. Mheshimiwa ataongea mchana ama asiongee. Kijana mmoja wa Jericho anayerapu ameanza kwenda mazoezini kwa anko, na ameambiwa akae kwa ngoma ndogo kwanza, asiguse maiki. Mwenye pembe bado hajapatikana.

Mimi nimenunua memori mpya. Nilimwambia anko safari hii nitashuti dakika zote ishirini na tano, sikati kitu. Akanyamaza kidogo kwa simu, kisha akauliza, "Ishirini na tano? Na tukishapasha ngozi moto, utakuwa umeenda wapi?"