Pengwini wa Afrika anaangamia kwa njaa, nani atamwachia samaki?

Ukisikia pengwini, bila shaka unawaza barafu. Kumbe hata Afrika ina pengwini wake! Anaishi Afrika Kusini na Namibia, na hutaga hata kwenye kisiwa cha Robben alikofungwa Nelson Mandela. Shida ni kwamba anaisha.

Karne ya 20 ilipoanza, kulikuwa na zaidi ya jozi milioni moja zinazotaga. Leo hazifiki 10,000. Oktoba 2024, shirika la IUCN lilimweka kwenye kundi la viumbe walio hatarini zaidi kuangamia. Kati ya aina zote 18 za pengwini, yeye ndiye wa kwanza kufika hapo.

Utauliza, kwani nani anawaua? Zamani watu waliokota mayai yao kwa malaki na kuchimba kinyesi walimotaga ili kiuzwe kama mbolea. Hayo yalikoma, lakini idadi bado inashuka. Sasa tatizo kuu ni njaa.

Pengwini hawa hutegemea sardini na anchovi, samaki wadogo jamaa wa dagaa. Meli za uvuvi zinawataka hao hao, na mabadiliko ya bahari yamewasukuma mbali na visiwa. Mzazi mwenye kinda hawezi kwenda mbali, lazima arudi kulisha. Tena kila mwaka pengwini hubadilisha manyoya, akikaa nchi kavu takriban wiki tatu bila kula. Asiponenepa mapema, ndio basi.

Mashirika ya BirdLife South Africa na SANCCOB yaliamua kwenda kortini. Machi 2025, pande husika, wenye meli wakiwemo, zilikubaliana: uvuvi wa sardini na anchovi kwa nyavu za kuzingira utafungwa kwa miaka 10 karibu na makoloni sita muhimu.

Je, hilo linatosha? Peke yake, hapana. Bahari itaendelea kubadilika. Lakini eneo la kuvulia ni jambo ambalo binadamu anaweza kuliamua leo.

Nawe kijana wa Pwani usidhani ni habari za mbali. Visiwa vya Kiunga, Lamu, vina membe na shakwe wanaotaga huko, na membe pia huishi kwa samaki wadogo. Tukijadili nyavu na dagaa wetu, tuulize pia: ndege wamebakishiwa nini?